Nawezaje kuvifuatilia vilabu vya Ucheki msimu mzima, badala ya usiku wa Ulaya peke yake?

Mtazamaji wa Tanga

Ndugu zangu, salaam.

Mapenzi yangu kwa vilabu vya Ucheki yalianza Septemba 2019, Slavia Praha ilipokwenda San Siro ikatoka sare ya 1–1 na Inter, bao la wageni likifungwa na Mnigeria Peter Olayinka, na wenyeji wakasawazisha katika dakika za majeruhi. Novemba mwaka huohuo wakaenda Camp Nou wakatoka 0–0 na Barcelona. Ingawa walimaliza mkiani mwa kundi lao la Ligi ya Mabingwa wakiwa na pointi mbili tu, namna walivyokuwa wakikimbia na kukaba uwanja mzima ilinifanya niwatafute kila walipocheza tena.

Tatizo langu ni kwamba hadi leo nawajua kwa mechi za Ulaya tu. Nikifungua msimamo wa ligi yao naona timu 16, kisha baada ya raundi ya 30 jedwali linakatwa vipande, na kuanzia katikati ya Desemba hakuna mechi yoyote hadi karibu Februari. Tena mwaka 2025 nilishangaa kuona Sparta Praha, iliyokuwa imecheza Ligi ya Mabingwa msimu uleule, ikimaliza ligi ya nyumbani katika nafasi ya nne. Naomba anayeielewa ligi hii anieleze jinsi inavyokwenda, na ina uhusiano gani na yale tunayoyaona Ulaya.

Mkazi wa Plzeň

Ndugu Mtazamaji, swali lako nimelipenda, kwa sababu watu wengi wanaovishabikia vilabu hivi kutoka mbali huvikuta juu ya kilele bila kuiona njia vilivyopandia.

Nianze na mgawanyo uliokutatiza. Tangu msimu wa 2018/19, timu 16 hukutana nyumbani na ugenini, na hizo ndizo raundi 30. Baada ya hapo sita za juu huingia kundi la ubingwa, ambamo kila moja hukutana na wenzake mara moja, yaani mechi tano zaidi. Pointi zote hubaki kama zilivyo, na waliotangulia katika jedwali hupata mechi nyingi zaidi za nyumbani. Timu za nafasi ya 7 hadi ya 10 hucheza mtoano wao wenyewe kutafuta upenyo wa kwenda Ulaya, na sita za chini hupigania kubaki: ya mwisho hushuka moja kwa moja, na mbili zilizo juu yake hucheza mchujo na timu za daraja la pili. Kwa hiyo ukitaka kuona soka la Ucheki likiwa na roho mkononi, angalia wiki za mwisho wa Aprili na Mei, ambapo vigogo hukutana wao kwa wao mfululizo na hakuna mechi ya kupumzikia.

Sasa uhusiano wake na Ulaya, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa ndipo penye utamu wenyewe. UEFA hupanga nchi kwa alama za misimu mitano. Ushindi wa klabu katika mashindano ya Ulaya huleta alama 2 na sare huleta 1, na katika mechi za kufuzu huwa ni nusu ya hizo, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya vilabu ambavyo nchi imepeleka. Ukiacha alama za ziada, ambazo Ligi ya Mabingwa hutoa kwa wingi zaidi, ushindi wa Alhamisi katika Ligi ya Konferensi, shindano la tatu la Ulaya kwa hadhi, una uzito uleule wa ushindi wa Jumatano katika Ligi ya Mabingwa. Ndiyo maana mimi, ninayeishi katika mji wa klabu ya Viktoria, naithamini sana misimu miwili iliyofuatana. Mwaka 2022/23 Viktoria Plzeň iliwekwa kundi moja na Bayern, Inter na Barcelona, ikapoteza mechi zote sita. Msimu uliofuata, katika Ligi ya Konferensi, ikashinda mechi zote sita za kundi, ikaitoa Servette kwa penalti, na ikafika robo fainali, ambako Fiorentina ilihitaji dakika za nyongeza kuitoa. Wapo waliolihesabu lile la kwanza kuwa ndilo la heshima, lakini ni hili la pili lililoijengea nchi.

Na halikuwa la Plzeň peke yake. Msimu huohuo wa 2023/24 Sparta iliitoa Galatasaray katika Ligi ya Europa kwa kuichapa 4–1 uwanjani kwake Letná baada ya kufungwa 3–2 Istanbul, na Slavia nayo ilifika hatua ya 16 bora. Mwisho wa msimu Ucheki ikawa ya kumi Ulaya, na nafasi hiyo ndiyo iliyomfungulia bingwa wa 2025, Slavia, mlango wa kuingia moja kwa moja Ligi ya Mabingwa bila kupita mchujo wa Julai na Agosti. Aliyeviona vilabu hivi vikitolewa mwezi Agosti, wakati ligi yenyewe imeanza tu, ataelewa ukubwa wa zawadi hiyo. Ndiyo maana hata shabiki wa Slavia alikuwa na sababu ya kufurahi Novemba 2024, Mladá Boleslav, klabu ya mji wa magari, ilipoifunga Real Betis 2–1.

Bi Mwanakheri

Namshukuru Mkazi wa Plzeň kwa maelezo yake, nami naongeza jambo moja ambalo bila hilo hesabu zile haziwezi kukamilika, nalo ni kuuza wachezaji. Tomáš Souček na Vladimír Coufal, nguzo mbili za Slavia ile aliyoipenda Mtazamaji, wote walikwenda West Ham mwaka 2020, na ukiwaondoa wachezaji wa namna hiyo katika timu nyingi msimu unaofuata huwa wa kilio. Slavia haikulia. Chini ya kocha Jindřich Trpišovský, aliyekuja mwisho wa 2017, msimu wa 2020/21 iliitoa Leicester kwa kushinda 2–0 kwao, bao la pili likifungwa na kijana wa Senegal Abdallah Sima, ikaitoa Rangers, na ikashindwa na Arsenal tu katika robo fainali. Huku nyumbani ikamaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja kati ya 34, kwa kuwa mwaka ule timu zilikuwa 18 na mgawanyo haukufanyika.

Naitaja kwa sababu Sparta ya 2024/25 ilipatwa na kinyume chake. Ilikuwa imetwaa ubingwa mara mbili mfululizo, kocha wake Brian Priske akaondoka kwenda Feyenoord, na ingawa ilianza Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga Salzburg 3–0, ilimaliza ya 31 kati ya timu 36. Kwenye ligi ikapitwa na Slavia, Plzeň na Baník Ostrava, na katika fainali ya kombe la nchi ikafungwa 3–1 na Sigma Olomouc, ambayo kwa ushindi huo ikapata tiketi ya Ulaya. Kwa hiyo sikubali moja kwa moja kwamba Ligi ya Mabingwa na ligi ya nyumbani hubebana. Kwa klabu yenye kikosi chembamba, moja huila nyingine.

Mkazi wa Plzeň

Bi Mwanakheri, nakubaliana nawe kuhusu Sparta, na ningesema hata mapumziko ya majira ya baridi yana sehemu yake. Klabu iliyofuzu mtoano wa Ulaya hurudi Februari ikiwa imecheza mechi moja au mbili tu za ligi, viwanja vikiwa bado vigumu kwa baridi, na papo hapo inakutana na timu ya Italia au Uingereza ambayo imecheza Januari nzima.

Mtazamaji wa Tanga

Nawashukuru nyote, hasa kwa hesabu ya alama, ambayo sikuijua kabisa. Je, nikiwa na nafasi ya kuangalia mechi chache tu kwa mwezi, mnanishauri nichague zipi, na kwa saa zetu zinaangukia wakati gani?

Bi Mwanakheri

Ndugu yangu, chagua kwanza mechi ya watani wa Praha, Slavia na Sparta, waliokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1896. Slavia hucheza Eden, katika mtaa wa Vršovice, na Sparta hucheza Letná, ng'ambo ya pili ya mto Vltava. Zikiwa zote ndani ya sita bora utaipata mara tatu kwa msimu katika ligi pekee. Halafu itafute Baník inapocheza nyumbani. Ostrava ulikuwa mji wa makaa ya mawe na klabu ile ilizaliwa na wachimba migodi. Ubingwa wake wa mwisho ni wa 2004, na mashabiki wake bado huujaza uwanja kana kwamba ni wa juzi.

Kuhusu saa, wakati wa baridi tunawatangulia kwa saa mbili, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba kwa saa moja. Mechi ya Ulaya ya saa tatu usiku ya Praha kwako itakuwa saa tano usiku mwezi Februari, lakini saa nne mwezi Aprili. Zile za mapema za Alhamisi huanza saa tatu kasorobo usiku kwa saa zako wakati wa baridi. Mechi nyingi za ligi huchezwa mchana wa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo utaziangalia jioni na familia ikiwa bado macho.