Sanaa kwenye miwani ya VR kwa watu wanne watakaojifungia kontena siku 10: tuanzie wapi?

Ngaramtoni_Anga
Wakuu, salaam. Vijana wanne watajifungia kwenye kontena la futi 40 kwa siku 10, mfano wa safari ya Mars: hakuna simu, na kila ujumbe tunauchelewesha makusudi dakika 20. Tuna miwani mbili za VR (ukizivaa unajiona uko ndani ya picha, pande zote) zisizohitaji kompyuta, tunataka zitumike kwa sanaa ili upweke usiwalemee. Mpango ni kurekodi video za nyuzi 360 za soko la Kilombero, shamba la kahawa na Mlima Meru alfajiri, wazitazame jioni. Inatosha? Na nini huwa kinaharibika?

Fundi wa Sakina
Mkuu, video peke yake haitoshi. Siku ya kwanza mtu ataduwaa, siku ya tatu ameshakariri hadi kikohozi cha muuza ndizi, siku ya tano miwani inabaki kabatini. Aliyefungiwa anahitaji kazi ya mkono wake mwenyewe, ambayo kesho haitakuwa kama ilivyo leo. Wanaanga walilijua hili zamani: Leonov, Msovieti, alichora mapambazuko kwa penseli za rangi ndani ya chombo cha Voskhod 2, Machi 1965, penseli zikiwa zimefungwa kwa uzi zisielee. Nicole Stott alipaka rangi za maji kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2009.

Weka programu ya kuchora kwa pande tatu, na mchoro uwe barua. Mawimbi kutoka Dunia hadi Mars huchukua dakika 3 hadi 22 kwenda tu, kwa hiyo soga haiwezekani, lakini mchoro hauchachi kwa kusubiri. Ndugu aliye nje anachora mgomba mmoja, anatuma. Aliye ndani anauongezea mkungu, anarudisha. Baada ya siku mbili ni kihamba (shamba la migomba la nyumbani) kizima, na anaweza kuingia na kutembea kati ya migomba.

Faili ni dogo. Mchirizo mmoja wa nukta 200, kila nukta baiti 32 (mahali 12, mwelekeo 16, mkandamizo 4), ni baiti 6,400. Michirizo 500 ni megabaiti 3.2. Video ya dakika 10 kwa megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 7.5.

Kiboriloni_Pikseli
Nakubaliana, ila video msizitupe, zinasaidia siku za mwanzo. Huo Meru tu ndio utawaangusha. Kamera ya nyuzi 360 ya 5.7K ina pikseli (vidoti vya picha) 5,760 kwa upana, zilizogawanywa kwenye nyuzi 360, yaani 16 kwa kila nyuzi. Mlima wa mbali utakuwa ukungu. Rekodi vilivyo mita 1.5 hadi 3: mikono inayochambua kahawa, mama anayepanga mafungu ya nyanya. Chini ya mita 1 usisogee, mshono unaounganisha picha za lenzi mbili za kamera utamkata mtu uso. Watatazama wamekaa, basi lenzi iwe mita 1.2 kutoka chini, ukiiweka 1.7 mtazamaji anajiona ananing'inia. Na kamera isitembee hata kidogo: macho yakienda huku mwili umetulia, kichefuchefu hakikawii. Sauti irekodi kwa maiki ya pembeni, upepo huharibu ile ya kamera.

Sanawari_Tek
Hilo kontena ndani ni jeupe? Basi shida inaanzia hapo. Miwani hujua ilipo kwa kamera zake kutafuta kona na alama. Ukuta mtupu hauna alama, na mchoro utaanza kuteleza. Bandikeni vitu ukutani, lakini si kitenge: ua lile lile likijirudia, miwani inachanganya ua hili na lile. Kurasa tofauti za magazeti zinafaa sana. Taa iwake muda wote wa kuchora. Lenzi za miwani zisiachwe zikitazama jua hata dakika chache, zinakusanya mwanga na kuunguza kioo cha ndani.

Angani kwenyewe kuna jingine. Vihisi vya miwani hutegemea uvutano kujua chini ni wapi, na kule mwanaanga na vyote alivyonavyo vinaelea. Miwani iliyopelekwa kwa mwanaanga Andreas Mogensen kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2023 ilibidi irekebishwe, rimoti moja ikafungwa mahali pamoja iwe nanga.

Ngaramtoni_Anga
Shukrani sana wakuu. Kitenge kilikuwa kwenye orodha, nakiondoa. Kila mtu dakika ngapi? Na kwenye kuchora pamoja, niangalie nini?

Fundi wa Sakina
Anza na dakika 15, wamekaa, kisha 30 kwa aliyezoea. Mpime kila mmoja umbali wa mboni za macho na muuandike ukutani, ili anayepokea miwani arekebishe lenzi kwanza. Bila hivyo kichwa kitauma na atalaumu mchoro. Sponji ya usoni kila mtu na yake.

La kuchora pamoja: zima kifutio kwa michirizo ya mtu mwingine. Kila mmoja awe na tabaka lake, anayechoshwa na la mwenzake alifiche kwenye miwani yake tu. Watu wanne kwenye kontena, mmoja akikuta mgomba wa mama yake umefutwa, hana mlango wa kutokea akapoze hasira.