Maktaba ya ramani: viungo vinakufa, shiti hazikai juu ya picha za satelaiti

Shiti50
Wakuu, habari za kazi. Tuna ramani shiti za Tanzania za 1:50,000, zimeskaniwa dpi 300 kwa TIFF (faili kubwa za picha), na ramani chache za enzi za Wajerumani. Kila shiti ina ukurasa wake wa HTML. Tukihamisha folda, viungo vinakufa. Anayetafuta "Lushoto" hazioni zile za Kijerumani. Na shiti zikiwekwa juu ya satelaiti zinapishana karibu mita 300. Tuanzie wapi?

Mpimaji_wa_Pembeni
Anzia kwenye mita 300. Shiti hizo ni za datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya zamani, Arc 1960, nanyi mmezisajili kama WGS 84, ile ya GPS. Msizisogeze kwa mkono! Zipeni msimbo wake katika orodha ya EPSG ya mifumo ya ramani: 21035, 21036 au 21037, kufuata kanda ya UTM (vipande vya dunia vya digrii 6 za longitudo). Kigoma ni 35, Dodoma 36, Lushoto 37, zote Kusini. Ndipo mzibadilishe kwenda WGS 84 kwa programu.

JedwaliKwanza
Kiungo hakikai ndani ya ukurasa, kinakaa kwenye kanzidata. Tumia PostgreSQL na PostGIS, nyongeza yake ya data za ramani, majedwali manne: vitu (namba ya kudumu, mwaka, njia ya faili), mipaka (poligoni, yaani umbo la eneo la shiti, na faharasa ya GiST ya kuharakisha utafutaji), majina, viungo (kutoka, aina, kwenda). Ukurasa unatungwa msomaji anapoufungua. Faili likihama, unarekebisha safu moja tu.

"Shiti jirani" usiihifadhi, ST_Touches, amri ya PostGIS ya kutafuta maumbo yanayogusana, itaitafuta. Ila kokotoa pembe za poligoni kutoka digrii, kila shiti ni dakika 15 kwa 15 (robo digrii). Ukizibonyeza kwa kipanya juu ya picha, zitaachana kwa mita chache na hutapata jirani hata mmoja.

Majina yabebe miaka: Wilhelmstal (jina la Kijerumani) na Lushoto, namba moja ya mahali. Maktaba ya kidijitali ya Alexandria kule Santa Barbara, Marekani, ilitenga orodha ya majina hivyo hivyo tangu miaka ya 1990.

Shiti50
Asante mkuu. Na uzito wa faili? Shiti moja inazidi MB 120.

Mpimaji_wa_Pembeni
TIFF asilia ibaki kabatini bila kuguswa. Ya wasomaji igeuze kwa programu ya GDAL kuwa COG, TIFF inayosomeka vipande vipande mtandaoni: vigae vya pikseli 512, mgandamizo wa JPEG. Seva lazima ikubali kutoa kipande cha faili, la sivyo kivinjari kitavuta shiti nzima.

Lushoto ikitokea Hispania, umegeuza longitudo na latitudo.