Nimeacha mshahara, nimefungua duka. Kati yangu na nyie waajiriwa, nani yuko huru?

MUUZA SUKARI
Wakuu, salaam. Leo natimiza miaka miwili tangu nirudishe kitambulisho cha kazini. Nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye kampuni moja ya usafirishaji. Bodi ya mikopo ya wanafunzi inachota asilimia 15 ya mshahara, makato mengine yanafuata, mkononi kinafika laki sita na kitu. Siku hiyo bosi, mtoto mdogo tu kwangu, akaninyima ruhusa ya kwenda kuzika. Eti baba mkubwa si msiba wa karibu. Nikamalizia mwezi, nikaondoka.

Sasa nina duka la rejareja Mbagala. Fremu moja, friji moja, na uwakala wa pesa pembeni. Naamka ninapotaka. Mzigo nafuata Kariakoo kwa saa zangu. Nikisikia msiba naenda, hata wa jirani wa jirani. Dukani namwacha mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo, yule wala simlipi maana anakula na kulala kwangu. Ghorofa sina, ila kwangu mimi huku ndiko kutoboa.

Hoja yangu: mwajiriwa, hata awe na gari la mkopo, ni mtumwa aliyevaa shati safi. Miaka thelathini na ushee unamtumikia mtu, mwisho unaliwa na kikokotoo cha pensheni. Karibuni, bila matusi.

CHAKI NYEUPE
"Mtumwa aliyevaa shati safi." Hilo shati nimelifua mwenyewe jana saa nane usiku kwa sababu ndiyo saa maji yaliyotoka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na tisa huu. Aliyekufundisha kugawa kilo mara nne ukapata robo za kuuza ni mtumwa mwenzangu, mshukuru. Na kikokotoo usikitie mdomoni kama hukijui. Mkupuo tunaopewa tukistaafu ni asilimia 40 ya mafao, siyo hizo 25 mnazoimba vijiweni.

DALALI MPOLE
Mwalimu, ni 33.

CHAKI NYEUPE
ILIKUWA 33, kuanzia Julai 2022. Bajeti ya 2024 ikaipandisha. Sisi tuliokuwa tunapata nusu huko nyuma tukawekewa 40, wale wa 25 ya zamani wakapewa 35. Soma kabla ya kuandika.

DALALI MPOLE
Kumbe! Mlikuwa na 50, zikashushwa 33, mkarudishiwa 40, na mnapiga vigelegele. Mtu akikuibia kuku watatu akarudisha mmoja, unamwandalia chai?

CHAKI NYEUPE
Tofauti yetu ni moja, Dalali. Mimi nina cha kukokotoa.

MUUZA SUKARI
Hahaha, mwalimu una hasira za kucheleweshewa daraja la mshahara. Mada ni uhuru, siyo pensheni. Hata aliyejiajiri anaweza kuchangia mfuko wa hifadhi, NSSF, kwa hiari.

CHAKI NYEUPE
Anaweza. Wewe unachangia? Na ile Bodi iliyokuwa inachota asilimia 15, tangu uwe huru unailipa au na yenyewe umeiacha kazini?

BABU WA ILALA
Wanangu, shikamooni hamnipi lakini nawasalimu. Mnauzungumza uhuru wa kujiajiri kama mmezaliwa nao. 1983 nilikuwa nakaanga samaki Buguruni. Ikaja Nguvu Kazi. Ukikutwa mjini mchana huna karatasi ya mwajiri, wewe ni mzururaji, unapandishwa lori ukalime. Mwenzangu mmoja mng'arisha viatu alikamatwa na brashi mkononi. Akawaambia, "Jamani, si mnaniona nafanya kazi?" Wakamuuliza, "Kazi ya nani?"

Akakosa jibu. Viatu vya mteja viliachwa palepale, mguu mmoja unang'aa, mwingine una vumbi.

Halafu mwishoni mwa 2018 nikaona vijana wanauziwa kitambulisho cha ujasiriamali kwa elfu ishirini. Sisi tulikamatwa kwa kukosa kitambulisho cha kazi, nyie mkalipishwa cha kukosa kazi. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuniangalia.

DALALI MPOLE
Shikamoo Babu. Lakini hiyo ya 1983 si ilikuwa vita ya Waziri Mkuu Sokoine na walanguzi?

BABU WA ILALA
Marahaba. Walanguzi ni habari nyingine. Hiyo ilitangulia, mwaka huohuo, watu wakawa wanatupa sabuni na vitenge usiku wasikutwe navyo. Nguvu Kazi ikafuata baadaye, na hiyo ilitulenga sisi wadogo. Usinifundishe, mimi nilikuwepo, wewe hata baba yako alikuwa hajaoa.

BINTI PANGANI
Samahani, narudi juu. "Yule wala simlipi maana anakula na kulala kwangu." Hivi wanaume wote mliopita hapa mmeruka hiyo sentensi mkakimbilia kikokotoo? Huyo mdogo wako ana umri gani? Anafungua saa ngapi?

MUUZA SUKARI
Dada yangu, tusitoke nje ya mada. Ana miaka ishirini na moja, siyo mtoto. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu watu wanataka mkate na majani ya chai kabla ya kwenda kazini. Kufunga ni saa nne, tano, inategemea wateja.

BINTI PANGANI
Si ulisema unaamka unapotaka?

MUUZA SUKARI
Mimi ndiyo.

BINTI PANGANI
Asante, nimemaliza.

DALALI MPOLE
Hahahaha "mimi ndiyo". Kula chuma hicho, mkuu.

MUUZA SUKARI
Mnacheka nini? Huyu ni ndugu. Mama mdogo alimleta mwenyewe kutoka Korogwe na begi lake, akaniambia, "Mfundishe maisha." Nguo nanunua mimi, akiumwa nampeleka mimi, sikukuu nauli ya kwenda kwao natoa mimi. Nikianza kumlipa mshahara ndiyo nitakuwa nimemgeuza mfanyakazi.

CHAKI NYEUPE
Ngoja nikusahihishie daftari. Umesema anayelipwa mshahara ni mtumwa. Huyu anafanya kazi saa kumi na sita na halipwi. Naye tumwandike nani?

MUUZA SUKARI
Mwalimu, nyumbani kwako hakuna binti wa kazi? Jibu hilo kwanza.

CHAKI NYEUPE
Yupo. Namlipa.

MUUZA SUKARI
Kiasi gani?

BINTI PANGANI
Mwalimu kakimbia.

CHAKI NYEUPE
Sijakimbia, nilikuwa kipindi. Namlipa themanini elfu. Ndogo, najua. Nawe niambie mshahara wangu uko vipi. Sijajisifu hapa kwamba nimetoboa.

BINTI PANGANI
Basi tuwe wakweli. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini kwenye biashara 150,000 kwa mwezi. Mimi nimekaa dukani kwa shangazi miaka minne, Tanga mjini, kwa maneno hayohayo: unakula, unalala, sisi ni ndugu. Siku nimeomba elfu thelathini ya kujisajili mtihani wa kurudia, nikaulizwa, "Unazitaka za nini, kwani hapa unakosa nini?" Hilo swali usilisikie likiulizwa kwako. Ukitaja chumvi umekosa shukrani, ukinyamaza unaonekana umeridhika.

DALALI MPOLE
Hiyo amri wataiweza wenye makampuni, dada. Duka la fremu moja likilipa 150,000, na kodi ya fremu miezi sita mkupuo, na luku ya friji, na leseni, na ushuru wa taka, si linafungwa mwezi wa tatu? Faida ya kilo ya sukari unaijua wewe?

BINTI PANGANI
Kwa hiyo duka linasimama kwa mgongo wa binti. Ndicho ninachosema tangu asubuhi, wewe umekiandika vizuri zaidi.

KOBE WA LIKONI
Mimi naingia kutoka ng'ambo ya feri hapa Mombasa. Huku kwetu mtu wa kujiajiri anaitwa hasla, na tangu 2022 hata rais ni hasla. Serikali ikatoa mkopo wa Hustler Fund, unaanzia shilingi mia tano. Nikauchukua. Nikanunua unga, nazi na iliki, mke wangu akakanda mahamri, nikauza, nikarudisha deni. Mimi ndiye niliyekopa, jina langu ndilo liko kwenye simu. Baada ya kusoma hapa nimemwangalia huyo mke jikoni nikanyamaza.

DALALI MPOLE
Mia tano?? Mkopo wa serikali mia tano? Si hela ya andazi hiyo!

KOBE WA LIKONI
Mia tano ya KENYA, bwana. Yakaribia elfu kumi yenu.

DALALI MPOLE
Hata elfu kumi. Serikali nzima!

KOBE WA LIKONI
Nilijua tu Mbongo hawezi kupitwa na hiyo.

MAREJESHO JUMATATU
Mnabishana nani mtumwa wa nani. Mimi ni mama lishe, nimejiajiri, na nina mabosi watatu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hizo ni siku za marejesho. Afisa mikopo akifika hagombi. Anakaa kwenye benchi la wateja, anavuta sahani, anakula chapati zangu mbili na maharage, halipi, anasubiri. Wateja wakimwona wanajua, wanahamia kwa mwenzangu. Hiyo ndiyo riba ambayo haiandikwi kwenye fomu.

DALALI MPOLE
Sasa mama, hiyo mikopo ya kausha damu ulifuata nini? Si kuna mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, haina riba?

MAREJESHO JUMATATU
Kwani mtaji unaokotwa? Hiyo ya 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu naijua kuliko wewe. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Unaambiwa muwe kikundi, mlete katiba na muhtasari. Mimi nauza chapati, katiba siandiki. Kausha damu anakuja na hela mfukoni, anataka friji yako tu.

Na ile mikopo ya kwenye simu usiniambie. Benki Kuu, BoT, ilitangaza kuzifungia programu 69 Novemba 2024. Moja ilikuwa imeshawatumia meseji watu wote walio kwenye simu yangu, akiwemo mkwe wangu: "Mwambieni huyu alipe." Mkwe, jamani.

BABU WA ILALA
Pole, mwanangu.

NONDO ZA DIRISHA
Nasoma tangu jana, sasa niseme. Nimekulia nyuma ya duka, Manzese. Mzee wangu ndiye alikuwa Mangi, mwenye duka wa mtaa. Jina lake halisi majirani walilisikia msibani.

Sura yake naikumbuka imekatwakatwa na nondo za dirisha. Nikitoka shule nilikuwa sipiti mlango wa nyuma, napanga foleni mbele kama mteja ili nimsalimie, maana ndani akiwa na kazi haongei. Nikifika dirishani ananiuliza, "Na wewe nikupe nini?" Huo ndio ulikuwa utani wetu, mmoja tu, miaka yote. Usiku wa manane mtu anagonga nondo kwa sarafu: Mangi, kiberiti. Anaamka. Kiberiti! Uhuru wake ulikuwa wa wiki mbili, Desemba, tunapanda basi kwenda Rombo. Na huko nako, zilipoingia simu, anapiga Manzese kuuliza kufuli limelalaje.

Watoto watano tumesoma wote, kwa sukari ya robo na mafuta ya kupima. Kwa hiyo akitokea mtu anasema mzee hakutoboa, tutagombana. Alitoboa. Ila tundu tulipita sisi, yeye alibaki upande uleule.

CHAKI NYEUPE
Nondo, umeniliza darasani. Watoto wanauliza mwalimu ana nini.

MUUZA SUKARI
Kwa hiyo wote mmeungana kunishambulia. Mimi nilileta mada ya kuajiriwa na kujiajiri, mmeigeuza kesi ya ustawi wa jamii. Hakuna hata mmoja aliyejibu habari ya yule bosi aliyenikataza kuzika. Baba mkubwa ndiye aliyenisomesha sekondari. Alizikwa nikiwa najaza fomu za petikeshi. Hilo halikuwauma, limewauma binti kula bure.

BINTI PANGANI
Limeniuma, kaka, na pole ya dhati. Nakuuliza tu: binti akipata msiba kwao Korogwe siku ambayo mzigo unaingia, atakwenda?

DALALI MPOLE
Muacheni mtu wa watu jamani. Mkuu, fremu za upande huo siku hizi bei gani? Nina mteja.

MUUZA SUKARI
Fremu nje barabarani hazipo, labda ndani.

Dada Pangani, sikulala vizuri. Jana tukiwa tunahesabu mauzo nimemuuliza: unataka nianze kukulipa? Akaendelea kupanga sarafu za mia mbili mbili mpaka akamaliza. Kasema hela tutaongea baadaye, kwanza anataka Jumapili. Nikamuuliza Jumapili ya kwenda wapi. "Ya kukaa tu, kaka."

Nimekubali. Kwa hiyo mwenye kumjua kijana wa Jumapili, mwaminifu, anayejua chenji, asiyeshinda kwenye simu, aniunganishe. Aanze wiki hii.

CHAKI NYEUPE
Mshahara?

MUUZA SUKARI
Maelewano.

BINTI PANGANI
Yesu wangu.

SUBIRA YA TABORA
Samahani nimechelewa, naona hoja ya kikokotoo mmeiacha njiani. Mimi nastaafu Juni. Kuna anayejua ule mkupuo unachukua muda gani kutoka? Nataka nifungue duka.