Mashine mpya imekuja na cheti chake: tuipime tena ya nini?

Tyubu Nyekundu (mleta mada)

Wadau, habari za kazi. Naleta jambo lililotugawa maabara wiki hii. Tumepokea mashine mpya ya kemia ya damu. Waliokuja kuifunga wameondoka, wametuachia kitabu kinene cha takwimu, na uongozi unataka kesho asubuhi majibu ya wagonjwa yaanze kutoka humo. Nimekataa kusaini. Nataka kwanza tuihakiki wenyewe kwa mpango wa EP15, mwongozo wa kuhakiki vipimo vya maabara: siku tano, kila siku kontroli, yaani sampuli ya majaribio ambayo kiwango chake kinajulikana, irudiwe mara tano, tuone kama mtawanyiko ulioandikwa kitabuni tunaupata na hapa kwetu. Kisha sampuli 40 za wagonjwa, zenye viwango vya chini, vya kati na vya juu, zipite kwenye mashine zote mbili siku hiyohiyo. ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, inasema wazi: njia iliyothibitishwa na mtengenezaji bado maabara inapaswa kuihakiki kabla ya kuitumia. Naambiwa nachelewesha huduma. Mnasemaje?

Daktari wa Zamu

Mimi niko upande wa pili wa dirisha la maabara, kwa hiyo mnivumilie. Saa nane usiku nina mgonjwa hajakojoa tangu jana, nataka kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu. Mashine ya zamani imegoma mara mbili mwezi huu. Mpya ipo, bado imefunikwa nailoni, kwa sababu kuna mtu anahesabu sampuli 40. Kampuni imeipima kwa sampuli nyingi kuliko mtakazozikusanya ninyi kwa zoezi hili. Kazi ya fundi ni kuendesha mashine. Kuichunguza waachieni walioitengeneza.

Mama Vitendanishi

Fundi? Daktari, hebu rudia hapo. Nimekaa na hadubini hii miaka 19. Asilimia 70 ya maamuzi yenu yanatokana na karatasi ninazosaini mimi, halafu unaniita fundi? Ungesema mtaalamu wa maabara ulimi ungeuma?

Hadubini

Ahsante Mama. Ndiyo maana tukiingia wodini kusema sampuli haifai tunatazamwa kama watu waliopotea njia.

Msoma Grafu

Niko upande wa Mama kwa heshima, siyo kwa hesabu. Hiyo asilimia 70 kila mtu anaitaja na hakuna anayeonyesha imetoka wapi. Hallworth aliiandikia makala mwaka 2011 akitafuta ushahidi wake, na hakuukuta wa kutosha. Tusiisimamie, tutaanguka nayo.

Turudi kwa Tyubu Nyekundu. Sampuli 40 si nyingi, lakini swali zinalolijibu ni dogo. Kampuni ilijibu "mashine hii inaweza?" Sisi tunauliza "mashine hii, kwa maji yetu, umeme wetu, joto la chumba chetu na mikono yetu, bado inaweza?" Hayo ni maswali mawili.

Daktari wa Zamu

Mama, samahani kama neno limekuchoma, lakini fundi si tusi. Kwa Kiswahili nilichokulia, fundi ni mtu anayeijua kazi yake mpaka wengine wanakuja kujifunza kwake. Fundi na fundisha ni mtu na ndugu yake. Mimi nikisikia mtu anaitwa fundi navua kofia.

Mama Vitendanishi

Basi na wewe tukuite fundi wa dawa, uvue kofia vizuri. Neno linaweza kuwa la heshima kamusini na la dharau kinywani. Uliliandika kwa maana gani kila aliyesoma amesikia: "kazi ya fundi ni kuendesha mashine." Hapo hukuwa unamvulia mtu kofia.

Ndugu Pipeti

Mama ameshinda hapo, mkuu, kubali tu.

Hadubini

Nataka kujibu lile la "waachieni walioitengeneza." Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Chukueni vipimo vya haraka vya malaria. Vingi vinanasa protini iitwayo HRP2. Vilipimwa, vikapewa vyeti, vikafanya kazi nzuri sehemu nyingi. Mwaka 2010 wakaripotiwa Peru vimelea vya falsiparamu visivyo na jini ya kutengeneza protini hiyo, baadaye Eritrea wakakutana na tatizo hilohilo kwa wingi. Mgonjwa ana malaria, hadubini inaviona vimelea, kipimo kinaonyesha mstari mmoja tu, yaani hana. Kiwanda hakikudanganya mtu. Kilipima kwenye damu ambayo si ya mgonjwa aliye mbele yako.

Kapilari

Mnazungumzia mashine, mimi nataka kuzungumzia wodi. Juzijuzi nimepokea tyubu nyekundu, imejaa vizuri, jina limeandikwa. Naipima: potasiamu 11.4, kalsiamu 0.9. Mtu mwenye namba hizo hakai, na huyu nilikwenda kumtazama mwenyewe, ameketi kitandani anazungumza na wanawe. Nikaitazama tyubu tena. Damu ilikuwa imechukuliwa kwenye tyubu ya zambarau, yenye EDTA ya potasiamu, kemikali ya kuzuia damu isigande, kisha mtu akaona amesahau nyekundu, akaimimina. EDTA ikaleta potasiamu yake na kuikamata sehemu kubwa ya kalsiamu. Hata ungehakiki mashine mwaka mzima, jibu lingetoka hilohilo.

Ndugu Pipeti

Hapo Kapilari amegusa ninachotaka kusema. Plebani na Carraro mwaka 1997 walichunguza makosa ya maabara ya dharura, wakakuta asilimia 68 yametokea kabla ya kupima: sampuli mbaya, tyubu siyo, jina siyo. Makosa ya kupima kwenyewe yalikuwa kama asilimia 13. Sasa kwa nini nguvu zetu zote tunazimwaga kwenye ile 13? Mleta mada, siku hizo tano nenda kawafundishe wanaowachukua wagonjwa damu.

Tyubu Nyekundu (mleta mada)

Ndugu Pipeti, hiyo 13 ni ndogo kwa sababu watu wamekuwa wakihakiki na kuendesha kontroli kwa miongo mingi. Ukiacha kufagia kwa kuwa nyumba ni safi, itabaki safi mpaka lini?

Daktari wa Zamu

Kapilari, "nataka kuzungumzia wodi" maana yake unanizungumzia mimi. Simimini damu mimi. Na swali: ulipoona 11.4 ulinipigia, au uliiandika tu ukaiacha dirishani? Mimi nimewahi kuokota dirishani asubuhi jibu la potasiamu 7.2 lililotoka usiku. Halikuwa la EDTA. Lilikuwa la kweli.

Kapilari

Nilipiga mara sita, hakuna aliyepokea. Ndiyo maana nilikwenda kwa miguu. Hilo la 7.2 silijui, na aliyeliacha dirishani alikosa, namwambia hata kama ni mwenzangu.

Daktari wa Zamu

Sawa. Hilo la kwenda kwa miguu nalipokea kwa mikono miwili.

Mgeni wa Kemia

Naomba niulize, mimi bado mwanafunzi. Kwa nini tusilinganishe mashine mbili tu, tukipata r, ile namba ya uwiano, ya 0.99 tukamaliza?

Msoma Grafu

Mdogo wangu, swali zuri, na wakubwa wengi wanaanguka hapo. Chukua mashine ya zamani, kila jibu lizidishe mara mbili, uliite mashine mpya. r itakuwa 1 kamili na kila mgonjwa atakuwa amepewa jibu la uongo. r inakuambia mashine mbili zinapanda na kushuka pamoja, haikuambii kwamba zinakubaliana. Bland na Altman waliliandika hili mwaka 1986: chora tofauti ya kila jozi dhidi ya wastani wa jozi hiyo, kisha tazama. Wingu la nukta liko juu ya sifuri? Linapanuka kadiri kiwango kinavyopanda? Kuna nukta tatu zimejitenga peke yake? Hizo tatu ndizo za kukaa nazo. Usizifute.

Hadubini

Wanaozifuta tunawajua. Na wanaorudia kontroli mpaka ikubali tunawajua pia.

Ndugu Pipeti

Hadubini, hilo jiwe umelirusha kwangu. Ndiyo, nimewahi kurudia kontroli mara nne usiku, ya nne ikaingia ndani ya SD 2 (SD ni kipimo cha mtawanyiko kutoka kwenye wastani), nikaendelea na kazi. Nilikuwa peke yangu, wodi tatu zinapiga simu. Sifichi. Ila msiniambie kila kurudia ni wizi. Hata ile kanuni ya Westgard ya 1950 inaruhusu.

Msoma Grafu

Mwaka 1950 ni Levey na Jennings, walioileta chati ya kontroli maabara. Kanuni za Westgard ni za 1981, na haziruhusu ulichofanya. Zinasema nukta moja nje ya SD 2 ni onyo: simama, tazama kanuni nyingine. Nje ya SD 3, au mbili mfululizo nje ya SD 2 upande uleule, kataa. Nukta kumi mfululizo upande mmoja wa wastani, hata kama zote ziko ndani, kuna kitu kinasogea. Utakachonipata nacho ni hiki: ukiendesha kontroli mbili na kukataa kila inayotoka nje ya SD 2, karibu mara 9 katika 100 utasimamisha mashine isiyo na kosa lolote. Anayeweka sheria hiyo ndiye anayewafundisha watu kurudiarudia mpaka ikubali.

Ndugu Pipeti

Hapo nimekuelewa, na nimejifunza. Kwetu sheria ni SD 2, basi. Hakuna aliyewahi kunieleza hiyo 9.

Mama Vitendanishi

Sasa unaona kazi ya "fundi", Daktari?

Daktari wa Zamu

Mama, nimeshaomba radhi. Lakini naona mada imegeuka. Mwanzo ilikuwa mashine ipimwe au isipimwe, sasa naona tunauliza nani awe na mamlaka ya kusema "subiri." Mimi sikatai mtaalamu wa maabara aseme subiri. Nakataa aseme subiri bila kuniambia mpaka lini na badala yake nifanye nini usiku huu.

Kapilari

Hilo ni haki yako. Mpango wa uhakiki usio na tarehe ya mwisho haujakamilika.

Hadubini

Na aliyetaka iwashwe kesho asubuhi, jina lake halipo popote kwenye majibu. Lipo la aliyesaini. Kumbukeni Theranos, kampuni ya vipimo vya damu ya Marekani: mwaka 2016 kampuni ilifuta majibu ya miaka miwili yaliyotoka kwenye mashine zake za Edison. Kabla ya hapo kulikuwa na watu wa maabara mlemle ndani waliosema kontroli hazikubali, wakapuuzwa.

Ndugu Pipeti

Kulinganisha mashine ya kampuni inayojulikana na Theranos ni kuwaonea.

Hadubini

Silinganishi mashine. Nalinganisha wanaopuuzwa.

Tyubu Nyekundu (mleta mada)

Wadau, nimerudi. Uongozi ulikubali siku tano, tukaandika kwenye ukuta wa wodi tarehe ya mwisho, na mashine ya zamani ikabaki kazini. Leo ni siku ya nne. Mtawanyiko uko sawa na kitabu, tena mzuri kuliko nilivyotarajia. Potasiamu, sodiamu, glukosi, hazina shida.

Kreatinini ndiyo iliyotuketisha. Katika sampuli 40, 36 zinakubaliana vizuri. Nne zimejitenga, mpya inasoma juu kwa kiasi kikubwa. Nilikuwa tayari kuandika kwamba mpya ina kasoro. Mwenzangu akazitoa zile nne kwenye friji, akazipanga juu ya karatasi nyeupe. Seramu zote nne ni za njano iliyokolea, damu ya watu wenye manjano.

Mashine ya zamani inatumia njia ya Jaffe, ya asidi ya pikriki, ambayo kiini chake ni cha mwaka 1886. Mpya inatumia vimeng'enya. Bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, ikiwa nyingi huishusha kreatinini ya Jaffe. Nimezipeleka zile nne kwenye maabara ya tatu yenye njia ya vimeng'enya, na majibu yao yamekaa karibu na mashine yetu mpya. Kwa hiyo iliyokuwa ikikosea kwa wagonjwa hao ni ile ya zamani, niliyoifanya kuwa kipimo cha ukweli.

Daktari wa Zamu

Ngoja. Wagonjwa wangu wenye manjano, ambao kreatinini zao zilikuwa zikirudi nzuri?

Tyubu Nyekundu (mleta mada)

Ndiyo, Daktari. Hao.

Daktari wa Zamu

Niko wodini sasa hivi. Kuna mmoja kitanda cha sita, macho yake ni manjano kabisa, na jana nimempa jentamaisini, dawa inayoweza kuumiza figo, kwa kutegemea kreatinini yenu. Namchukulia damu mwenyewe, tyubu nyekundu, naileta kwa mkono. Naomba mnipimie kwenye mpya, muandike pembeni kwamba uhakiki haujaisha. Nitasaini na mimi.

Mama Vitendanishi

Ilete. Nakusubiri dirishani.