Mrejesho: zile pesa za mtoto wangu zilizokataliwa

Wengi mlisema nirudi niwaambie ilikwendaje. Kwa waliosahau: kijana wangu wa miaka 14 ana ulemavu mkubwa, hata kukaa mwenyewe hawezi, na ombi letu la shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wasiojiweza, lilikataliwa. Eti "anajiweza".

Nilimsikiliza yule aliyenishauri nisigombane na mtu, niulize kwanza shida ni nini. Kumbe ripoti ya daktari ilitaja ugonjwa tu. Hakuna palipoandikwa kwamba namlisha kwa kijiko, namgeuza usiku mara tatu, namvalisha nepi. Nikarudi kliniki, yakaandikwa yote. Mzee wa nyumba kumi naye akaja akajionea (akanywa na chai, sukari yangu ya mwisho).

Wiki jana nimeambiwa rufaa imepita, ila jina linangoja kuingizwa kwenye orodha. Pesa bado. Kwa sasa nafulia watu nguo hapa Kayole, Nairobi, jirani akimwangalia kijana, na unga nanunua wa kupima. Kiti chake cha magurudumu nimekifunga waya. Gurudumu la kushoto linalia kama panya. Simu nalala nayo chini ya mto.