Watu saba, 10,000 kwa siku: naomba ushauri wa chakula

BintiFuoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mie niko Fuoni, Unguja. Mume wangu ni fundi wa kujenga, na tangu masika yaanze kazi zimekuwa za kubahatisha. Nyumbani tuko saba: sisi wawili, watoto wanne na mama mkwe. Pesa ya matumizi anayoniwachia ni 10,000 kwa siku, siku nyengine 7,000.

Njaa hatulali, alhamdulillahi. Wali upo. Lakini mboga inazidi kupungua. Zamani kila mtu alikuwa na kipande chake cha samaki, sasa ni mchuzi wa tungule (nyanya) na harufu ya samaki. Juzi nimempeleka mdogo kliniki, ana mwaka na nusu, naambiwa mstari wa uzito kwenye kadi umelala miezi miwili. Nimerudi nimekaa ukumbini na ile kadi mkononi, hata buibui sikulivua.

Matumizi ya jana ni haya: boflo (mkate) na mandazi za asubuhi 2,000, sukari nusu kilo 1,500, mchele kilo moja na nusu 3,600, mafuta ya kupima 500, tungule na vitunguu 700, vibua 1,500. Nazi tunazo, minazi miwili iko uwani. Nipunguze wapi? Na mume wangu bila wali hahesabu kuwa kala.

MamaWatanoJangombe
Waaleikum salaam shoga yangu. Soma tena hesabu yako. Chai ya asubuhi imekula 3,500, samaki wa watu saba 1,500. Mie nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku nilipoandika kama ulivyoandika wewe. Boflo na chai ya sukari saa moja, saa nne watoto wanalia njaa.

Asubuhi chemsha muhogo, majimbi au viazi vitamu, chochote ambacho fungu lake ni kubwa siku hiyo sokoni. Tia chumvi na tui kidogo ukipenda. Shelisheli zikiingia ndiyo raha, moja kubwa inatosha nyumba nzima. Ila muhogo peke yake ni wa kujaza tumbo tu, kwa hivyo jioni pika mbaazi za nazi nyingi, bakisha za asubuhi. Muhogo na mbaazi, mtoto anakwenda skuli mpaka mchana hajakuuliza kitu.

Boflo sijaiharamisha, kwangu ni Ijumaa.

MvuviKojani
Dada, vibua vya 1,500 kwa watu saba ni kuonja. Nunua dagaa, na ununue kwa mwezi.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga. Mbaamwezi ikiwaka taa zetu hazina nguvu, dagaa wanatawanyika, kwa hivyo mwezi 13, 14, 15, kwa hesabu ya mwandamo, na siku za karibu yake boti nyingi zinapumzika na bei inapanda. Kiza kikirudi, kuanzia mwezi ishirini na kitu mpaka mwandamo na siku chache mbele, dagaa wanashuka kwa wingi. Hapo ndipo pa kununua wakavu wa kuweka. Huko kwenu nenda Malindi au kijiji cha Kama, wanakoanika, usisubiri wafike duka la mtaani kwenye vifuko.

Kabla hujalipa, shika gao moja ulifinye. Dagaa mzuri analia kama jani kavu na hashikani. Anayeng'ara ni mzuri, aliyegeuka manjano muwache. Waulize pia walianikwa wapi. Wa chanja ni safi, wa chini wanakuja na mchanga, utawaosha mpaka uchoke.

BintiFuoni
Kaka, ahsante. Tatizo nikipika dagaa mume wangu anauliza, "Mboga iko wapi?"

BiMkubwaWete
Mwanangu, dagaa anachukiwa kwa sababu anapikwa kwa haraka. Mtoe kichwa, muoshe maji ya moto mara mbili, mkaushe. Mkaange kwenye mafuta kidogo mpaka akunje mkia, umuweke pembeni. Ndipo ukaange kitunguu, thomu (kitunguu saumu) na tungule, tia bizari, tui la pili, mwisho kabisa kasimile (tui zito la kwanza) kidogo na ndimu. Dagaa warudi chunguni wakati huo, wasivurugike. Mpe na wali wake, halafu unyamaze.

Na sisi Pemba tuna borohoa, nyie watoto wa mjini mmeiwacha. Chooko (choroko) au kunde unachemsha mpaka zilainike, unaziponda kwa mwiko, unatia thomu, tui na ndimu. Inamwagika juu ya wali kama mchuzi na inashiba kama mboga ya nyama. Kilo moja ya kunde kavu ikishaiva inapita kilo mbili. Lakini roweka usiku kucha, maji yale umwage, la sivyo ulichookoa sokoni kitakwenda kwenye makaa.

Majani je? Sijaona hata fungu moja la mchicha katika hesabu yako, na una uwa. Panda matembele kando ya pale mnapooshea vyombo, maji yale yanatosha. Kisamvu kitwange vizuri na ukichemshe sana bila kufunika, kibichi kina sumu.

NesiMstaafu
Mimi nitazungumzia mtoto tu, maana yeye hawezi kungojea mpango wa jikoni.

Mama, mtoto wa mwaka na nusu tumbo lake ni dogo. Akila na wakubwa mara mbili kwa siku hapati cha kutosha hata sahani iwe nzuri. Anahitaji kula mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, pamoja na ziwa kama bado ananyonya. Muwekee sahani yake peke yake. Katika sinia moja na wenzake watatu mtoto huyu anashindwa mbio, na wewe huoni.

Chukua dagaa wasio na chumvi, waoshe, wakaushe, uwakaange bila mafuta, uwatwange wawe unga. Kijiko kimoja kwenye uji au wali uliopondwa, pamoja na tui. Anakula na miba yake, na kwenye miba mna madini ya mifupa. Uji uwe mzito usimwagike kijikoni. Uji wa maji na sukari nimeuona miaka yote ya kazi, mama anasema mtoto kanywa bakuli zima, na mtoto hana kitu.

Ndimu au chungwa pamoja na majani na kunde husaidia mwili kuchukua madini ya damu. Chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia, iwe baadaye. Na ule mstari usiuchukulie kwa chakula tu: mrudishe kituo cha afya, aangaliwe minyoo, damu na homa. Usingoje mwezi mwengine.

Kipolo
Mchele unanunua kwa kilo? Kusanyeni wanne mtaani mununue polo (gunia) la kilo 50 mgawane.

MamaWatanoJangombe
Kipolo, fundi wa kibarua atatoa wapi pesa ya mkupuo? Na mchele mwingi ndani unapikwa mwingi, nimeyaona kwangu. Aanze na kunde na dagaa, mchele baadaye.

BintiFuoni
Nimerudi, siku tisa zimepita. Mtoto tumempeleka, amekutwa na minyoo, kapewa dawa. Sahani yake ni kile kibakuli cha kijani, mama mkwe ndiye anayekaa naye mpaka amalize, mara nne kwa siku.

Boflo tumebakisha Ijumaa. Borohoa nimeipika mara mbili. Mama mkwe, ambaye kwao ni Mkoani, kaila kimya halafu kaniuliza nimefundishwa na nani. Dagaa nimewapika alivyosema Bi Mkubwa. Mume wangu hakuuliza mboga iko wapi, ila kasema kesho niongeze pilipili.

Kaka wa Kojani, leo nimepita Darajani dagaa wako juu. Ningojee?

MvuviKojani
Leo mwezi 16, dada. Ngoja mpaka 23, uende asubuhi mapema, na kigunia chako mkononi.