Msaada: bakuli la mwembe limepasuka kitakoni, nijaze gundi?

Mkereza_Mpya: Wakuu, nimekereza bakuli la mwembe mbichi, kipenyo sm 30, ukuta nimeuacha sm 3 likauke kwanza. Leo siku ya 9, kipima unyevu kinasoma asilimia 11, ila kitakoni kuna ufa. Nijaze gundi nyepesi nimalizie? Ni zawadi na siku imekaribia, sina amani.

NtaMoto: Sm 3 ni sawa, sehemu 1 ya 10 ya kipenyo. Shida ni ukaushaji. Paka nta mahali nyuzi zilipokatwa kichwa, maana huko maji hutoka upesi kuliko ubavuni. Kisha bakuli liingie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, mbali na upepo.

PeteZaMti: Yeye kauliza ufa. Mkuu, una sura gani? Na kiini cha gogo kiko wapi?

Mkereza_Mpya: Kama nyota, miali mitatu. Kiini kipo katikati ya kitako. Gogo lilikuwa sm 34 tu, ningekikwepa ningepata kibakuli. Halafu gundi nilishamimina jana, imeshika vizuri.

PeteZaMti: Kumbe. Mti husinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Pete zikikizunguka kiini pande zote, tofauti hiyo haina pa kwenda, lazima upasuke. Gundi inajaza nafasi tu, ufa utafunguka kando yake.

Msumeno: Hii chai. Mwembe mbichi, ukuta sm 3, asilimia 11 kwa siku 9? Hiyo ni kazi ya miezi. Tena jana umemimina gundi, leo unauliza kama umimine.

NtaMoto: Msimhukumu kwa namba. Kipima chenye pini fupi husoma ngozi tu, ndani kubichi. Amini mizani: pima kila wiki, andika uzito. Usiposhuka wiki 3 mfululizo, limekauka.

Mkereza_Mpya: Si chai, pini ni fupi kweli. Gundi niliogopa kuitaja. Lakini nikizungusha taratibu, mizunguko 400 kwa dakika, kesho si namaliza?

Msumeno: Basi nimekuelewa, ila usilifunge. Taya za mashine hubana kitako palepale penye ufa. Kasi ndogo hupunguza nguvu ya kipande kinachoruka, haikiondoi mbele ya uso wako. Mwali mrefu una sm ngapi?

Mkereza_Mpya: Sm 2 kutoka kiini.

PeteZaMti: Toboa tundu la sm 5 katikati, litokee upande wa pili, kiini na nyufa vyote viondoke. Paka nta kitakoni na ukingoni, liache likauke likiwa na tundu lake, ndipo uzibe kwa kizibo cha mti uliokauka. Ukiziba sasa, bakuli litasinyaa juu ya kizibo na kupasuka upya. Kwa ile siku ya zawadi halitawahi, tafuta ubao mkavu ukereze lingine.

Mkereza_Mpya: Ubao mkavu ninao, ila unatoa sm 22 tu.

NtaMoto: Zinatosha. Anza nalo leo.